Hofu za Wageni

Uvumi wenyewe ulikuwa mdogo kama mbegu ya mchicha: kwamba Hoteli ya Marijani inaajiri watu wa kuogopa.

Tumu aliusikia ufukweni, akina mama wakiponda pweza juu ya mawe ili nyama ilainike. Aliyeuleta alikuwa Mwanashehe, ambaye mumewe hukata majani ya bustani ya hoteli. Alisema wageni wanapozamia kwenye Ukuta wa baharini, kuna mtu amelazwa nchi kavu, anatetemeka badala yao. Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, basi hoteli imemkosa Tumu, kwa kuogopa angekuwa meneja wao. Tumu naye akacheka, kicheko cha mtu mwenye jino bovu.

Kijiji kizima cha Mchangamle kilimjua. Alizika watoto wawili kabla ya Arafa, na Arafa alipoishi, Tumu alimlea kama mtu anayebeba yai kichwani. Maji yalichemshwa mara mbili. Baharini mwisho magoti. Usipite kwa mbuzi, usipande ngazi, usile cha mtu, usicheke sana jioni. Mtoto akikohoa mara moja, mama yupo mlangoni na taa. Arafa alikua hivyo, akafika miaka kumi na saba, mzima kabisa, na Tumu alipoulizwa siri yake alijibu kwamba ni kuogopa mapema.

Jioni ile aliosha mikono, akala, akaswali, na uvumi ulikuwa bado umemkaa. Asubuhi ulikuwepo. Sababu moja ilikuwa barafu.

Wiki chache nyuma, mkokoteni wa barafu ulipita mbele ya nyumba na bonge moja likaanguka, likapasuka. Arafa alijitupa chini, akafunika kichwa kwa mikono miwili, akasema neno ambalo hapana mtu pale aliyelielewa. Na huyu ni mtoto aliyekua akiona kila siku barafu za kuhifadhia pweza. Wiki iliyofuata akakataa kuingia zahanati kwa sababu mlango umepakwa rangi ya kijani. Kisha, alasiri moja, amelala mkekani, Tumu akamsikia anazungumza kwa lugha ya kigeni. Maneno hakuyajua hata moja. Lakini mtu anapoomba asamehewe, hata kwa lugha ya majini utamtambua, na Arafa alikuwa anaomba.

Na Tumu hakumuuliza. Hapo ndipo penye kisa.

Kwa watu wa Mchangamle binti akishakuwa mwali hukabidhiwa somo, mwanamke wa kumfunda. Mama mzazi humpeleka na kanga mpya na sinia la wali, humshika mkono akamweka kwenye mkono wa somo, kisha hugeuka asitazame nyuma. Tangu hapo, atakayofundwa hayamhusu. Mama akimuuliza binti, amemvunjia ufundwaji wake. Akimuuliza somo, amemtukana. Tumu alimchagua Bi Kidawa, rafiki yake wa tangu madrasa, mwanamke aliyewakata vitovu nusu ya watoto wa pale. Ilikuwa mwezi wa saba sasa. Kila asubuhi Arafa alijitanda kanga akaenda kwa somo wake, na kila alasiri alirudi amechoka, akilala kabla ya kula. Tumu alipoona ule uchovu alijiambia kwamba Bi Kidawa anafunda kweli.

Siku ya tatu ya uvumi alivunja mwiko. Hakuingia, alikwenda tu kupita karibu na nyumba ya Bi Kidawa, kama mtu anayetafuta kuku wake. Saa nne ya asubuhi. Mlango ulikuwa na kufuli. Juu ya kufuli palikuwa na vumbi, na kizingitini majani ya mwarobaini yalikuwa yamelundikana, ya leo juu ya jana, ya jana juu ya mwezi uliopita. Jirani aliyekuwa akianika mihogo alimsalimu, akamwambia bila kuulizwa kwamba Bi Kidawa siku hizi ni mtu wa ofisi, kule hotelini.

Tumu alisimama pale akilitazama lile kufuli. Mwali gani anafundwa nyuma ya kufuli lenye vumbi?

*

Marijani ilikuwa hoteli ya mwisho ya aina yake, na kila mtu alijua sababu. Bahari za kwingine zilikuwa zimepata joto, miamba ikawa myeupe kama mifupa. Mchangamle peke yake, maji baridi hupanda kutoka kwenye korongo refu la chini ya bahari, yakaupoza mwamba, ukabaki na rangi zake na kasa wake na nguva wake. Watu walitoka mabara yote kuja kuona kitu ambacho babu zao walikiona bure. Na mwisho wa mwamba ndipo ulipo Ukuta: matumbawe yanakatika ghafla kama paa la nyumba, na chini hapana kitu isipokuwa bluu inayozidi kuwa nyeusi.

Mwaka wa kwanza wageni wawili walikufa pale. Papa hakuwagusa. Walitazama chini, wakakosa chini, pumzi zikawakimbia, wakapanda juu mbio na mapafu yakapasuka. Baada ya hapo hoteli ilileta kola, vitu vyembamba kama ushanga wa shingoni, kila mzamiaji akavaa yake. Tangu siku ile hapana aliyekufa. Wageni walishuka Ukutani wakitabasamu kama watoto wachanga, na watu wa Mchangamle walizisifu sana hizo kola. Hofu yenyewe ilikwenda wapi, hapana aliyeuliza.

Tumu alichukua beseni la pweza akaenda lango la nyuma la hoteli, alikozoea kuuza. Lango lilimjua uso, likafunguka lenyewe. Badala ya kukata kulia kwenda jikoni, alikata kushoto, akapita kufulia, akapita penye mitungi ya hewa ya wazamiaji, mpaka kwenye jengo jeupe lisilo na madirisha. Nje ya mlango palikuwa na jozi moja ya ndala. Ukanda wa kushoto umeshonwa kwa mshipi wa kuvulia samaki. Alikuwa ameushona yeye mwenyewe.

Akaweka beseni chini. Hakupiga hodi.

Ndani kulikuwa na baridi, na vitanda vinne. Vitatu vitupu. Kwenye cha nne alilala Arafa, chali, macho wazi, kola shingoni inawaka taa ya kijani. Hakuwa amefungwa. Ngumi zake zilikuwa zimekaza hata kucha zimeingia viganjani, na miguu ilikuwa inapiga mateke chini ya shuka, kama mtu anayekimbia akiwa usingizini. Tumu alimwita. Macho yalimtazama yakampita.

Kijana mmoja wa kiume aliinuka kwenye meza ya mitambo. Alijitambulisha, kwa heshima, kwamba anaitwa Lwitiko, fundi, mtu wa Tukuyu, na akamwambia mama huku hawaingii watu. Tumu alimjibu kwamba yule pale ni mwanawe.

Lwitiko akasema wao walielezwa kwamba mama yake ni Bi Kidawa. Akatoa karatasi. Palepale penye neno mlezi palikuwa na jina la Bi Kidawa kwa mwandiko wake, herufi kubwa zilizoinama, zilezile walizofundishwa pamoja darasa la tatu.

Tumu akataka kuelezwa, na Lwitiko, ambaye bila shaka alikuwa amengoja muda mrefu mtu wa kumuuliza, akaeleza. Kola ni pacha. Moja kwa mzamiaji, moja kwa mpokeaji. Mzamiaji akianza kuogopa, kola yake inaisikia hofu kwenye mshipa wa shingo kabla hajaijua mwenyewe, inaivuta, inaituma huku. Walijaribu kuimaliza ndani ya mashine, mashine ikashindwa. Walijaribu mbuzi, mbuzi wakafa. "Hofu haifutiki, mama," alisema. "Inahama tu. Lazima iwe na mwili wa kukaa."

Aliuliza kwa nini vitanda vingine ni vitupu. Lwitiko alisema wale mabinti wengine wamepumzishwa, maana kila mmoja alibeba mgeni mmoja tu na bado akalemewa. Arafa hubeba sita.

"Kwa nini yeye?"

Yule kijana alitazama viatu vyake. "Bi Kidawa alituambia huyu alilelewa kwa hofu tangu mchanga. Tulipompima tukakuta ni kweli. Mwili wake umeshazoea. Una nafasi."

Ukimpiga mtu kwa fimbo yako humwumizi kama ukimpiga kwa fimbo yake. Tumu alikaa kitako ukingoni mwa kitanda.

Aliuliza na lile la barafu. Lwitiko alisema ndiyo, hubaki masalia. Wageni hawashuki na hofu ya maji peke yake, hushuka na zote walizonazo, za tangu utotoni, na kule chini zote huamka. Mmoja aliwahi kuona ndugu yake akizama kwenye ziwa lililoganda. Mwingine alikuwa na mlango wa kijani nyumbani kwao. Kola haichagui. Miezi ya mwanzo masalia hutoka yenyewe mpokeaji akilala. Ikizidi sita, hayatoki.

Huu ni wa saba.

Mkono wa Tumu ulikwenda kwenye kola. Lwitiko aliruka akaushika, akaomba radhi kwa kumshika, na hakuuachia. Akamwonyesha kioo. Palikuwa na mistari sita inayotetemeka, na namba. Wageni sita walikuwa mita arobaini na tano chini ya maji, wameushika Ukuta. Akimvua Arafa kola sasa, alisema, hofu yote itawarudia wenyewe kwa mkupuo mmoja, ya nusu saa nzima. Watapanda mbio kama wale wa kwanza. Sita, na mmoja wao ni binti wa umri huuhuu, amekuja na baba yake.

"Waite wapande."

Lwitiko alikwisha kuwaita, tangu Tumu alipoingia. Lakini mtu aliye kina kile hapandi kama anayetoka kisimani. Hupanda kidogo, husubiri, hupanda tena, damu ipate kutulia. Dakika ishirini na mbili.

Tumu alisema avalishwe yeye. Lwitiko hakubisha; kuhamisha, alisema, ni dakika mbili. Alichukua kola ya kitanda cha pili akamfunga shingoni, akagusa kioo. Taa ikawaka nyekundu. Akajaribu tena, akaifuta kwa kitambaa, akajaribu mara ya tatu. Nyekundu.

"Mama, hapana nafasi," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe umejaa."

*

Bi Kidawa aliingia wakati huo, amevaa baibui jipya na kitambulisho cha hoteli kifuani. Alipomwona Tumu hakushtuka sana. Alifunga mlango nyuma yake kama mtu anayefunga mlango wa kwake, akasema hakutaka ajue kwa njia hii.

Tumu hakupiga kelele. Baadaye alijishangaa kwa hilo. Aliuliza tu kufundwa gani huku.

Bi Kidawa alikaa, akaeleza kwa utulivu, na kibaya zaidi ni kwamba alionekana anaamini. Alisema hoteli ilimwomba awatafutie mabinti watulivu. Alisema hawatoki damu, hawaguswi na mwanamume, wanalala tu kwenye baridi, na bila wao mwamba ungefungwa na Mchangamle ingerudi kuwa mahali pa kupita. "Watoto wetu wanaogopa bure majumbani, Tumu. Wako zaidi ya wote. Mimi nikasema heri aogope kwa faida."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ndiyo maana ungeniambia."

Bi Kidawa alirekebisha kitambulisho chake. Akasema ya somo hayaulizwi, na Tumu mwenyewe ndiye aliyemweka mtoto kwenye mkono wake na kugeuka. Hilo lilikuwa kweli.

Basi akamwomba. Ndiyo, alimwomba, yeye aliyedhulumiwa. Alimwambia kuna kola ya pili, kijana amesema kuhamisha ni dakika mbili, na zimebaki dakika kumi na tisa. Wewe ni mama yake wa pili, umeandika mwenyewe kwenye karatasi. Vaa.

Lwitiko aliivua ile kola shingoni mwa Tumu akaishika mkononi, akingoja.

Bi Kidawa aliitazama. Alikuwa mwanamke aliyeingia kwenye nyumba za wenye uzazi mgumu, aliyewahi kumtoa mtoto kinyumenyume kwa taa ya simu. Alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa mlango.

"Mimi nina presha, Tumu," alisema.

Akatoka. Sauti ya viatu vyake ilisikika kwenye saruji, si ya mtu anayekimbia, ya mtu anayetembea haraka akidhani hasikiki.

*

Zikabaki dakika kumi na nane, na ni za Tumu peke yake.

Lwitiko hakumshika tena. Alisema yeye ni fundi tu, hawezi kumzuia mama. Akageukia kioo chake, mabega yamekunjamana. Kola ya Arafa ilikuwa na kibano kidogo nyuma ya sikio, kitu cha kufungua kwa kidole kimoja.

Tumu alipenyeza mkono wake kwenye ngumi ya Arafa. Kucha zikamwingia. Alijua kila dakika kuna kitu kinazama ndani ya mtoto wake ambacho hakitatoka, mbwa wa mtu mwingine, moto wa mtu mwingine, mume wa mwanamke asiyemjua akipanda ngazi. Alijua pia kwamba chini kule kuna baba na bintiye. Maisha yake yote alikuwa akifikiri kwamba siku ikija ya kuchagua kati ya mwanawe na dunia, dunia na ife, na angeapa hivyo mbele ya msahafu. Kidole chake kilifika kwenye kibano mara mbili. Mara ya pili Arafa alilia kwa sauti ndogo ya mtoto wa miaka minne, kwa lugha ile ya kigeni, akimwita mama wa mtu.

Hakufungua.

Alihesabu na mistari. Zilipobaki dakika kumi, mistari minne ilitulia. Zilipobaki tano, mmoja ukabaki, mnene kama kamba ya nanga, ukipanda ukishuka. Lwitiko alinong'ona kwamba huo ni wa yule baba. Kisha nao ukalala. Kola ikazima taa, na kijana akaivua polepole kama anayemtoa ndege kwenye wavu.

Arafa alipepesa macho. Ilichukua muda kumtambua aliye mbele yake. Akauliza mama yake amefika saa ngapi.

Tumu angeweza kudanganya. Lwitiko angenyamaza, alionekana mtu wa kunyamaza. Lakini uongo wa siku ile ulikuwa umetosha.

"Nimefika wakiwa chini."

"Chini kabisa?"

"Chini kabisa."

Arafa alikitazama kibano, akautazama mkono wa mama yake wenye alama nne za kucha. "Na fundi alikueleza?"

"Alinieleza."

Binti alikaa, akashusha miguu, akatafuta sakafu kwa nyayo. Hakulia. Uso ulikuwa mtulivu, na Tumu akatamani aone hofu yoyote pale, hata ile ya zamani ya mbuzi.

"Kumbe na wewe umo," Arafa alisema.

Walipotoka nje, wageni sita walikuwa wanavuliwa mavazi ya kuzamia, wakicheka, maji yakiwachuruzika. Walikuwa wamemwona nguva na mtoto wake. Binti mmoja mwenye nywele fupi aliwapungia mkono. Arafa alipita karibu naye bila kumtazama, akavaa ndala, akatangulia njia. Nyumbani alifunga nguo zake ndani ya kanga mbili na kuomba apelekwe kwa shangazi yake Newala, juu mlimani, mbali na bahari. Anaishi huko mpaka leo. Shangazi anasema anafanya kazi vizuri na hasumbui mtu, ila asubuhi zenye ukungu hukaa chini akashika kichwa. Mama yake akipiga simu, hupokea. Huuliza hali, hujibu hali, hukata.

Bi Kidawa bado ana kitambulisho. Wengine humwamkia, wengine hugeuka. Na kule Litingi, mwendo wa saa moja kwa miguu, hoteli ya pili imeshamwaga msingi, na mwanamke mmoja mwenye sauti nzuri anazunguka kwa akina mama wenye mabinti wa kufundwa.

Tumu aliomba karatasi ya manila shuleni. Aliandika kwa mkono wake wa darasa la saba, akaibandika kliniki ya Litingi, ukutani karibu na mzani wa watoto, mahali ambapo kila mama lazima asimame angoje zamu:

Usimkabidhi binti kwa mtu asiyekubali kuulizwa. Somo ni somo, lakini uliza.

Usipite mbele ya mlango wenye kufuli mchana ukajiambia wamo ndani.

Usikubali mtu mwingine aandikwe mlezi wakati wewe upo hai.

Mtoto akiogopa kitu ambacho hajawahi kukiona, usimpeleke kwa mganga. Mfuate anakokwenda.

Usiamini ukiambiwa analala tu.

Usimtishe mtoto na kila kitu. Unawatengenezea nafasi.

Usimvue kola wageni wakiwa chini, watakufa.

Usifike wageni wakiwa chini. Fika kabla.